Koki Ikifungwa, Nani Anakauka? Mafuta ya Sudan Kusini na Bomba la Sudan, 2012

Leo tumeleta historia ndefu kidogo, kwa hivyo kama huna nafasi sasa, ihifadhi uisome jioni.

Siku hizi ukisikiliza taarifa ya habari, lazima ukute nchi moja inaitishia nyingine. Usipopunguza ushuru, napandisha bei ya stima ninayokuuzia. Usiponilipa, nafunga gesi. Vijana wengi tukisikia hivyo tunaona ni mchezo wa wakubwa wa Ulaya na Marekani, sisi hautuhusu. Lakini mfano mkali kuliko yote tunayoijua ulitokea hapo jirani tu, ng'ambo ya Lokichoggio, mwaka 2012. Watu walioishi ndani yake tunakaa nao block moja na tunacheza nao mpira hapa Kakuma.

Wenzetu wa Kongo na Burundi wengi tumezoea kuanza hadithi ya Sudan Kusini mwezi Desemba 2013, vita vilipolipuka Juba. Lakini miaka miwili kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi wa koki. Nchi changa, haijamaliza hata miezi saba tangu uhuru, iliamua kufunga visima vyake vyote vya mafuta ili kumbana jirani yake. Kwa nini ilifanya hivyo? Ilipata nini? Na nani alilipa? Hayo ndiyo ya leo.

KISIMA HUKU, BOMBA KULE

Mwaka 1978 kampuni ya Chevron ya Marekani iligundua mafuta karibu na Bentiu. Wakati huo Sudan ilikuwa nchi moja, chini ya Rais Jaafar Nimeiry. Watu wa kusini walitarajia kiwanda cha kusafisha mafuta kijengwe kwao Bentiu, kazi zipatikane, mji ukue. Serikali ya Khartoum ikaamua kiwanda kiende Kosti, upande wa kaskazini. Tena mwaka 1980 ukaja mpango wa kuchora upya mipaka ya majimbo, ili sehemu zenye mafuta zihesabiwe kaskazini. Watu wa kusini wakakataa. Hasira hiyo ni moja ya sababu zilizowasha vita vya mwaka 1983, vita vilivyoendelea hadi 2005. Wazee wengi waliofika Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992 walikimbia vita hivyo.

Katikati ya vita hivyo, mwaka 1999, bomba la kwanza lilikamilika. Lilijengwa na muungano wa kampuni ambao mbia wake mkubwa alikuwa kampuni ya taifa ya China, pamoja na kampuni ya Malaysia na nyingine. Lina urefu wa kama kilomita 1,600, kutoka visima vya Heglig na Unity hadi pwani ya Bahari ya Shamu, karibu na Port Sudan. Mwaka 2006 likafunguliwa la pili, la kampuni ya Petrodar, kutoka visima vya Upper Nile kwenda pwani ile ile.

Tazama ramani utaelewa shida. Visima vingi viko kusini. Wakati ule njia ya mabomba kwenda baharini, viwanda vya kusafisha na bandari, vyote vilikuwa kaskazini. Sudan Kusini haina bahari. Na usidhani malori yangetosha. Mwaka 2011 Sudan Kusini ilikuwa inatoa kama mapipa 350,000 kwa siku, na pipa moja ni lita 159. Tupige hesabu na lori la lita 35,000: ungehitaji karibu malori 1,600 kila siku ya Mungu, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha hata bodaboda inakwama. Kwa hivyo njia ilikuwa moja tu.

Mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005 ulitibu jambo hilo kwa muda. Pesa za mafuta ya kusini ziligawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya Khartoum na Juba. Kwa miaka sita mambo yakaenda hivyo, kwa manung'uniko, lakini yakaenda.

BEI YA KUPITA KWA JIRANI

Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi huru. Siku hiyo ule mgawo wa nusu kwa nusu ukaisha. Kama robo tatu ya mafuta yaliyokuwa yakiitwa mafuta ya Sudan yakawa ya nchi nyingine.

Ili kuelewa kilichofuata, fikiria una shamba la nyanya, lakini njia pekee ya kwenda sokoni inapita uani kwa jirani. Zamani mlikuwa familia moja, mnagawana pesa. Sasa mmeachana. Jirani anasema: sawa, nyanya ni zako, lakini ua ni wangu. Utanilipa ngapi kwa kila debe?

Mazungumzo yalifanyika Addis Ababa, yakisimamiwa na jopo la Umoja wa Afrika chini ya Thabo Mbeki, aliyekuwa rais wa Afrika Kusini. Khartoum ilitaka dola 36 kwa kila pipa. Juba ilisema italipa chini ya dola 1 kama ada ya kupitisha. Usishangae. Kila upande ulikuwa na hesabu yake.

Khartoum ilikuwa imepoteza chanzo kikubwa cha dola zake kwa siku moja. Bajeti yake ilikuwa na shimo, ikataka ada ya bomba izibe hilo shimo. Juba nayo ilisema ada ni malipo ya huduma, haipaswi kuwa njia ya kuendelea kugawana mali baada ya talaka. Ilitoa mifano ya nchi nyingine duniani ambako mafuta yanapita kwa pesa ndogo. Na chini ya hesabu hizo kulikuwa na kumbukumbu ya miaka mingi: Kosti badala ya Bentiu, vijiji vilivyohamishwa ili visima vichimbwe, watu waliokufa. Ukiyajua hayo unaelewa kwa nini mazungumzo ya bei yalikuwa mazito hivyo.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kwamba mafuta hayakuwa mzigo pekee kwenye ugomvi. Mwaka 2011 Khartoum ilizuia bidhaa kuvuka mpaka kwenda kusini. Sehemu za kaskazini ya Sudan Kusini, kama Unity, Upper Nile na Northern Bahr el Ghazal, zilizoea kupata mtama, sukari, sabuni na petroli kutoka Sudan. Njia ikafungwa, bei zikaruka. Kwa hivyo kabla Juba haijafunga koki, Khartoum ilikuwa imeshafunga lango la soko.

SIKU WALIPOFUNGA

Mwishoni mwa 2011, bila makubaliano, Khartoum ilianza kuchukua sehemu ya mafuta yenyewe kama yalivyo, ikisema inajilipa ada ambayo haijalipwa. Juba ikaita wizi. Ilisema mafuta yaliyochukuliwa yalikuwa na thamani ya dola milioni 815.

Januari 2012 serikali ya Juba ikaamua: tunafunga. Rais Salva Kiir alilieleza bunge tarehe 23 Januari, na wabunge walimuunga mkono. Kabla ya mwezi kuisha, visima karibu vyote vilikuwa vimezimwa.

Kufunga visima si kama kufunga mfereji wa maji pale block, useme kesho nitafungua. Mafuta ya Upper Nile ni mazito, yana nta. Yakipoa ndani ya bomba yanaganda kama mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi. Ilibidi bomba lisukumiwe maji ili lisizibe. Na kufungua tena kunachukua muda na pesa nyingi.

Sasa shika namba hii: mafuta yalikuwa asilimia 98 ya mapato ya serikali ya Sudan Kusini. Yaani kati ya shilingi 100 zinazoingia, 98 ni mafuta. Nchi ilikata asilimia 98 ya mapato yake kwa mkono wake yenyewe. Mpaka leo hatujui serikali nyingine iliyofanya jambo kama hilo.

WALIKUWA WANAFIKIRI NINI?

Ni rahisi kukaa hapa miaka mingi baadaye tukasema walikuwa wajinga. Tulipojadili kikundini, wenzetu wa Sudan Kusini hawakukubaliana wenyewe kwa wenyewe. Wengine walisema ilikuwa lazima: mtu akikuibia kila siku ukanyamaza, amekugeuza mtumwa. Wengine walisema heshima haipikwi sufuriani. Tuheshimu pande zote mbili, kwa sababu hata Juba watu walishangilia uamuzi ule.

Hesabu ya Juba, kwa tunavyoielewa, ilikuwa hivi. Sisi tumeishi msituni miaka zaidi ya ishirini bila mafuta wala mishahara. Khartoum ni mji mkubwa uliozoea mkate na petroli ya bei nafuu. Tukifunga, wao wataanguka kwanza.

Walitegemea pia mambo mengine mawili. La kwanza ni wateja. China ilikuwa inanunua mafuta mengi ya huko, wakadhani Beijing itaibana Khartoum. China haikutaka kugombana na upande wowote, na ilikuwa na wauzaji wengine. Februari Juba ikamfukuza hata mkuu wa kampuni ya Petrodar, ikidai ilishirikiana na Khartoum. La pili ni njia mpya. Tarehe 2 Machi 2012, koki zikiwa zimefungwa, Rais Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli, na bomba la mafuta kutoka Sudan Kusini hadi bahari ya Kenya. Wiki chache baadaye Kenya nayo ikatangaza kwamba mafuta yamepatikana hapa hapa Turkana. Kila mtu alikuwa anaota bomba.

Bandari ya Lamu leo ipo, meli zinatia nanga. Bomba la kutoka Sudan Kusini halijajengwa mpaka leo. Hapo ndipo tunaona kosa la kwanza. Walifunga mlango wa zamani kwa nguvu ya mlango mpya uliokuwa bado kwenye karatasi. Bomba la zaidi ya kilomita elfu moja linahitaji mabilioni ya dola na miaka kadhaa, na mwenye benki anauliza: nyinyi mmefunga visima, mtanilipa na nini?

HUKU CHINI KWA WANANCHI

Wakubwa walikuwa wanahesabu mapipa. Wananchi walikuwa wanahesabu vikombe vya unga.

Serikali ya Juba ilipitisha bajeti ya kubana matumizi. Pesa za maendeleo zikapunguzwa: barabara, shule, zahanati, vitu ambavyo nchi changa ilikuwa ndiyo kwanza inavianza. Benki Kuu ikaanza kuishiwa dola. Na nchi ile ilikuwa inanunua nje karibu kila kitu, hata petroli yenyewe. Ndiyo, nchi yenye visima ilikuwa inaletewa petroli kwa malori kutoka Mombasa, maana haikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Dola ikipungua, petroli inapungua. Petroli ikipungua, lori la unga kutoka Uganda linapandisha bei. Mwezi Mei 2012 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 80 kwa mwaka. Maana yake kitu ulichonunua kwa pauni 10 mwaka jana, mwaka huu ni 18.

Upande wa Khartoum nao hawakulala usingizi. Pauni ya Sudan ilishuka, bei zikapanda, mfumuko ukapita asilimia 40 kabla ya mwaka kuisha. Mwezi Juni 2012 serikali ya Omar al-Bashir ilipunguza ruzuku ya mafuta na kukaza matumizi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, wasichana wa bweni wakiwa mbele, walianza maandamano yaliyosambaa mijini. Vijana walipigwa na kukamatwa. Kwa hivyo ni kweli, Khartoum iliumia. Lakini haikuanguka. Hesabu ya Juba ilikosea hapo: walipima maumivu ya jirani, hawakupima anaweza kuyavumilia muda gani. Serikali isiyoogopa wapiga kura inaweza kuwaacha wananchi wake waumie kwa muda mrefu sana.

Halafu ugomvi wa bei ukageuka risasi. Tarehe 10 Aprili 2012 jeshi la Sudan Kusini liliingia Heglig, ambako watu wa kusini wanakuita Panthou. Hapo palikuwa panatoka kama nusu ya mafuta yaliyobaki kwa Sudan. Yaani Juba ilifunga koki yake, kisha ikaenda kufunga na ya jirani. Dunia nzima ikapiga kelele, na siku kumi baadaye Kiir akatangaza kuondoa askari. Ndege za Sudan zilidondosha mabomu upande wa Bentiu na Rubkona, mpaka sokoni. Tarehe 2 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2046: acheni vita, rudini mezani, mmepewa miezi mitatu, la sivyo mtawekewa vikwazo.

WALIPATA NINI?

Mwanzoni mwa Agosti 2012 walikubaliana juu ya mafuta, na tarehe 27 Septemba Kiir na Bashir wakatia saini Addis Ababa. Hapa tusome polepole.

Ada ya kusafirisha, kusafisha na kupitisha iliwekwa dola 11 kwa pipa kwenye bomba linalotoka Unity, na dola 9.10 kwenye bomba la Upper Nile. Ukilinganisha na dola 36 zilizodaiwa, Juba ilishinda, si ndiyo? Ngoja kwanza. Pembeni kulikuwa na malipo mengine, dola bilioni 3.028, ya kuisaidia Sudan kuziba pengo lake la bajeti. Hayo yalilipwa dola 15 kwa kila pipa kwa miaka mitatu na nusu. Jumlisha: dola 24 hadi 26 kwa pipa. Kutoka 36 hadi 24 ni punguzo, hatukatai. Lakini wao walikuwa wameanza na chini ya dola 1.

Sasa hesabu ya gharama. Mafuta duniani wakati ule yalikuwa yanazunguka dola 100 kwa pipa. Mapipa 350,000 mara dola 100 ni dola milioni 35 kwa siku, kabla ya kampuni kuchukua sehemu yao. Zile dola milioni 815 zilizosemwa kuibiwa ni sawa na siku 23 au 24 za uzalishaji. Visima vilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima: vilianza kufunguliwa tena Aprili 2013. Kila mtu atoe jibu lake. Kuna atakayesema mafuta hayakupotea, yalibaki ardhini, yatauzwa baadaye. Ni kweli. Lakini mtoto aliyekosa mwalimu mwaka ule hakubaki ardhini akisubiri.

Na bado mkataba haukumaliza ugomvi. Mwezi Juni 2013, miezi miwili tu baada ya mafuta kuanza kutiririka, safari hii Bashir ndiye aliyetangaza kwamba anafunga bomba, akiituhumu Juba kusaidia waasi wake. Aliahirisha mara kadhaa, mpaka Kiir alipokwenda Khartoum mwezi Septemba ndipo likatulia. Ukishamfundisha jirani kwamba koki ni silaha, naye atajifunza kuitumia.

Desemba 2013 vita vikaanza Juba, vikafika Bentiu na Malakal, na visima vya Unity vikafungwa tena, sasa kwa bunduki. Hatusemi koki ndiyo iliyoleta vita. Vita vilitokana na kugombea uongozi, na vina mizizi mingine mingi. Tunachosema ni kwamba nchi iliingia kwenye vita ikiwa imeshakula akiba yake na haijajenga kitu. Zaidi ya watu milioni mbili walikimbilia nchi jirani. Bidibidi kule Uganda na Kalobeyei hapa kwetu vilijaa watu hao.

Kisha bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 ilishuka hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016. Ada ya pamoja ya dola 24 ilikuwa imeandikwa kama namba isiyobadilika. Kwa hivyo kuna siku Sudan Kusini ilikuwa inatoa mafuta, inalipa njia, na mkononi hakibaki kitu. Mwaka 2016 ilibidi wakae tena wabadilishe.

Na mwaka 2024? Sudan yenyewe ilikuwa vitani tangu Aprili 2023. Mwezi Februari 2024 bomba la Upper Nile likaharibika katika eneo la vita, mafuta yakaganda, na kwa karibu mwaka mzima sehemu kubwa ya mafuta ya Sudan Kusini haikufika baharini. Hakuna aliyeamua kufunga safari hii, lakini matokeo yalikuwa yale yale: pauni ikashuka, walimu na askari wakakaa miezi bila mishahara. Miaka 12 ilikuwa imepita, na njia ilikuwa bado ni ile moja.

WENGINE WALIOJARIBU

Tusiwaonee Sudan Kusini. Silaha hii wengi wameigusa. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu ya kuisaidia Israel vitani. Bei ya pipa ilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Ilitikisa dunia. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilivunja uhusiano na Israel kipindi kile kile, na bado zililipa bei mpya kama wengine. Zuio lenyewe liliisha Machi 1974, na baada ya hapo wanunuzi wakubwa walikimbilia kutafuta mafuta kwingine.

Januari 2009 Urusi na Ukraine ziligombania bei na madeni ya gesi, na gesi iliyokuwa inapita Ukraine kwenda Ulaya ikakatika kwa wiki mbili hivi katikati ya baridi kali. Nchi za Ulaya ambazo hazikuwa kwenye ugomvi ndizo zilizotetemeka.

Na Machi 2025, jimbo la Ontario la Kanada, likijibu ushuru wa Rais Donald Trump, lilitangaza nyongeza ya asilimia 25 kwenye stima inayouzwa Minnesota, Michigan na New York. Siku iliyofuata Trump alitishia kupandisha ushuru wa chuma na alumini ya Kanada hadi asilimia 50, na Ontario ikasimamisha nyongeza ile. Siku moja tu!

Ukiziweka kesi hizi pamoja unaona maswali yale yale. Je, mwenye koki ana mteja mwingine au njia nyingine? Ana akiba ya miezi mingapi? Anayenyimwa anaweza kupata kwingine? Na mwenye nguvu zaidi ana kitu gani kingine cha kukukatia? Waarabu mwaka 1973 walikuwa na bandari zao wenyewe na pesa za kutosha. Ontario iliweza kurudi nyuma kesho yake, hakuna aliyelala njaa. Juba mwaka 2012 haikuwa na njia nyingine, akiba ilikuwa ndogo, na jirani alishafunga soko. Ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini haki ya kukasirika haikuwa akiba.

TUNABAKI NA NINI

Wahenga walisema tembo wakipigana nyasi huumia. Tunaujua msemo huo, tumeuchoka hata. Nyasi hazina la kufanya, ndiyo maana hatupendi kuitwa nyasi. Sisi ni watu, tunasoma, na baadhi yetu siku moja tutakaa kwenye ofisi ambako barua kama hizi zinasainiwa, iwe Juba, Goma, Bujumbura au hapa Kenya.

Siku hiyo, kabla ya kusaini, tunataka mtu aulize swali ambalo hatuoni kama liliulizwa kwa sauti mwezi Januari 2012: tukifunga, mwezi wa tatu nani atamlipa mwalimu wa Aweil? Mwezi wa sita zahanati ya Bor itapata dawa wapi? Kama jibu lipo, funga, na wananchi waambiwe ukweli kwamba itauma kwa muda gani. Kama jibu ni "mashirika yatakuja", hapo hujamfungia jirani yako kitu. Umehamisha koki ya watu wako kutoka mkono wa Khartoum ukaiweka mkono wa mfadhili wa mbali. Na sisi tunaoishi kwa mgao, tulioona ukipunguzwa kwa sababu ya maamuzi yaliyofanywa nchi ambazo hatutazifika, tunajua koki hiyo nayo hufungwa.

Kwa ndugu wa mashirika: mkiona kwenye habari kwamba serikali fulani imekata mafuta, gesi au stima kumkomoa jirani, msingoje watu wafike mpakani na magodoro kichwani. Kule Sudan Kusini bei ya mtama na pauni vilikuwa vinasema mapema. Anzieni sokoni.

Jumamosi tukikutana tunaomba wenzetu wa Unity na Upper Nile waje na watu wazima waliokuwepo mwaka ule, mama wa sokoni, mwalimu, hata askari wa zamani. Tunataka kusikia unga ulikuwa bei gani Bentiu mwezi Mei 2012, na walisemaje redio ilipotangaza kwamba visima vimefungwa. Haya tuliyoandika ni ya wakubwa na mikataba yao. Nusu nyingine ya historia hii inakaa block za jirani, na bado haijaandikwa.